Mama Aliyekataliwa na Seti

Mwaka ambao soko letu la mboga mjini Morogoro lilikabidhiwa kwa wakala binafsi, nilikuwa najifunza kuandika programu za kompyuta katika chuo kidogo karibu na stesheni. Kaka yangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji, na nyumba nzima ilikula kwa kabeji na karoti ambazo mama alizibeba kichwani kutoka mlimani, juu ya Bigwa, akaziuza sokoni hapo.

Wakala alitaka wauzaji waandikishwe upya, na mwalimu wangu ndiye aliyemtengenezea programu. Aliwaweka wote kwenye seti, aina ya orodha ya kompyuta. Darasani alitueleza sababu.

"Seti haibebi kitu kimoja mara mbili. Ukiongeza ambacho tayari kimo, haigombi wala haisimami. Inakiacha nje, inaendelea na kazi."

Tulipenda ustaarabu huo.

Soko lilipofunguliwa, mama hakupewa meza. Karani wa wakala alimwambia kompyuta inaonyesha jina lake lina meza tayari. Aliyeikalia alikuwa mwanamke wa kijiji kingine, cha misheni kama chetu. Jina lake la ubatizo na la baba yake yalikuwa sawasawa na ya mama.

"Yule ni yeye, na mimi ni mimi," mama alisema. Akatandika gunia chini, akapanga kabeji zake.

Mgambo walikuja watatu kumwondoa. Mmoja alizipiga kabeji teke. Mama alipomshika mguu, mwingine alimshushia rungu mkononi, na mfupa ukavunjika kwa mlio niliousikia nikivuka barabara. Mama akamng'ata aliyekuwa karibu mpaka damu ikatoka. Wakampiga mgongoni na mbavuni, amelala juu ya karoti, mpaka wauza nyanya walipowarushia mawe.

Hospitalini kaka aliniuliza jambo moja tu.

"Hiyo kompyuta kaitengeneza nani?"

Nilipomjibu aliondoka, nami nikamfuata mbio. Aliingia darasani na nondo. Akavunja kioo cha kompyuta ya kwanza, kisha ya pili, kisha akamgeukia mwalimu. Pigo la kwanza lilimpasua paji la uso. La pili lilinipata mimi begani, maana nilikuwa nimeshajitupa katikati. Hapo ndipo alipoiachia ile nondo. Polisi walimchukua huku wakimpiga makofi njia nzima.

Mwalimu alibaki sakafuni, shati limelowa damu.

"Nimewakosea nini?" aliniuliza.

Nikamweleza habari ya majina. Alijifunga kitambaa kichwani, akawasha kompyuta iliyosalia, akanionyesha pale alipoandika kwamba wenye majina sawa ni mtu mmoja. Mama alipoongezwa, seti ilijibu "si kweli", yaani hakuongezwa, na programu haikulisoma jibu hilo popote. Kisha akabadilisha ili watu walinganishwe kwa namba ya kadi ya mpiga kura, si kwa jina. Akamwongeza mama tena. Safari hii jibu lilikuja: kweli.

Mwalimu alikwenda kituo cha polisi akasema hana kesi na kaka. Kaka alitoka amevimba uso, na hakuwahi kumsalimia mwalimu tena. Mama alipata meza, ila mkono wake uliunga vibaya. Siku mwalimu alipokuja kununua kabeji, alisimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alisema. "Jichagulie mwenyewe. Mimi siwezi kuinua."