Siku Nilipowaita Watu wa Barabara ya Juu Matapeli

Wacha niseme mwenyewe, kwa sababu nikiendelea kuficha, habari hii itasimuliwa na watu wa Kariokor na wao wataiongeza chumvi: mimi ndiye yule jamaa aliyesimama nyuma ya pikapu kwenye lango la barabara ya kulipia, asubuhi ya siku ya kazi, honi zikilia mpaka masikio yanauma, nikiwahutubia wenye magari kwamba wanaibiwa. Kama ulikuwa kwenye ule mstari ukachelewa kazini, nisamehe. Kama ulinipiga video, tafadhali ifute.

Shule niliiacha kidato cha pili (karo ilikuwa sababu moja, nyingine ni kwamba nilitaka kujua mambo mengi na hakuna hata moja lililokuwa ubaoni), na tangu hapo nimepita kazi nyingi hivi kwamba mama yangu akiulizwa mwanawe anafanya nini, yeye huuliza kwanza, "Leo?" Nimebeba marobota ya mitumba soko la Gikomba, nimepaka rangi madirisha kwenye karakana moja Baba Dogo, nimeuza mayai ya kuchemsha, nimefungua redio za watu ili nione sauti inatoka wapi, na nyingine zikakataa kufungika tena. Wakati wa mkasa huu nilikuwa dereva wa Mama Zuhura.

Mama Zuhura anauza viatu soko la Kariokor, akala za mpira wa gurudumu na ndala za ngozi zenye shanga, rejareja kwa wapita njia na jumla kwa wanunuzi wa nchi nyingine. Ni mjane, mtu wa Pumwani, anaongea polepole na hapendi deni limlalie. Alinipa ufunguo wa pikapu yake baada ya kunijua majuma mawili tu, na mimi badala ya kuona kwamba ameniamini, nikaona huyu mama anaamini watu ovyo na anahitaji mtu wa kumlinda. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kwenda kombo.

Siku moja nikirudi kutoka uwanja wa ndege nilipita barabara ya juu, ile ya kulipia, na nilipofika lango la kutokea nikakuta kizuizi kimeinuka na hakishuki, na bwana mmoja wa koti la njano anatupungia mkono tupite haraka. Nikampungia na mimi, nikapita, nikashukuru Mungu kwa cha bure. Sikumwambia Mama Zuhura. Kulikuwa na nini cha kusema?

Majuma matatu baadaye nikamkuta anasoma simu yake kwa miwani. Ujumbe ulisema gari lake lilipita bila kulipa, na kwamba akilipa ndani ya siku saba atalipa tozo ya barabara peke yake, lakini zikipita siku hizo kutakuwa na ada ya juu yake. Nikanyoosha mkono nisome vizuri, akaniambia hakuna haja, alikuwa ameshalipa jana yake.

"Umelipa nani?" nikamuuliza.

"Wenye barabara, mwanangu."

"Jina lilikuwa lipi?"

Ninyi mnajua sisi watu wa Eastlands hapa Nairobi. Pesa haiendi kabla ya kusoma jina la anayepokea pale kwenye simu, na jina tusilolijua linatufanya tuwe polisi. Hili halikuwa na neno barabara wala neno Nairobi, lilikuwa jina refu la kampuni ambayo sijawahi kuona hata kibao chake. Nikasoma ule ujumbe mara ya pili na kila kitu kikanuka. Kwa nini siku saba? (Matapeli huwa na haraka.) Kwa nini watishie ada ya ziada? (Matapeli hutisha.) Na kwa nini majuma matatu yapite ndipo wakumbuke? Mimi mwenyewe niliwahi kumtumia pesa mtu aliyeniambia anatoka benki, nikalala njaa siku mbili, kwa hiyo nilijihesabu kama msomi wa mambo hayo.

Mama Zuhura akaniambia niachane nayo, kiasi kilikuwa kidogo na roho yake imetulia. Mimi yangu haikutulia. Mchana nikamwomba simu nimpigie mwenye katoni, yule anayetuuzia za kupakia viatu, na nilipomaliza kuongea na mwenye katoni, vidole vyangu havikuirudisha simu mara moja. Kuna njia ya kuomba pesa uliyotuma kimakosa irudi, unapeleka ule ujumbe wa malipo kwa kampuni ya simu na wao wanafuatilia. Nikapeleka. Dakika moja haikwisha. Mkasa wote nitakaowasimulia umetoka kwenye hiyo dakika.

Kesho yake jioni pesa ikarudi. Na sikilizeni jinsi nilivyofikiri: kama wangekuwa watu halali, wangekubali kuirudisha kirahisi hivyo? Nikaona huo ndio ushahidi. Mama Zuhura aliposhangaa pesa imetoka wapi, ningeweza kumwambia ukweli, lakini ukweli ulikuwa na sehemu ya mimi kuchezea simu yake bila ruhusa, kwa hiyo nikamwambia nimewapigia wale matapeli nikawaambia nina binamu askari, wakaogopa, wakarudisha wenyewe. Akaniombea dua ndefu. Mafundi wanaoshona ndala pale nje wakanishika mkono mmoja mmoja, na kufika wikendi soko zima lilikuwa likiniletea simu niangalie ujumbe gani ni wa wezi. Nikawaambia karibu kila ujumbe ni wa wezi. Mama mmoja wa shanga alifuta ujumbe wa kliniki ya meno kwa neno langu, na jino bado anatembea nalo.

Wale wa barabara hawakuchoka. Wakatuma ukumbusho wa siku saba nyingine, kisha wakapiga, na kwa kuwa sasa mimi ndiye nilikuwa idara ya usalama, Mama Zuhura akanipa simu nijibu. Nikaweka spika ili mafundi wote wasikie. Alikuwa mwanamke, sauti tulivu, akaniuliza kama anaongea na mwenye gari. Nikamwambia anaongea na msimamizi wake, halafu, kwa kuwa sote tunajua matapeli wa simu wengi hupiga wakiwa jela, nikamuuliza:

"Dada, unapiga ukiwa chumba namba ngapi huko gerezani? Tukuletee sabuni?"

Mafundi wakacheka mpaka mmoja akajichoma na sindano ya kushonea. Yule mwanamke akangoja kicheko kiishe, kisha akasema anatukumbusha tu kwamba mwisho ni Ijumaa, baada ya hapo ada itaingia na gari halitaruhusiwa kupita. Nikakata simu nikapigiwa makofi.

Ijumaa ikapita. Jumatatu yake ndiyo iliyokuwa siku kubwa kwa Mama Zuhura, kwa sababu mnunuzi wake wa Lusaka alikuwa ameagiza katoni kumi na sita za ndala na mzigo ulitakiwa ufike uwanja wa ndege kabla ya saa tano asubuhi uingie kwenye ndege ya siku hiyo. Usipofika, mnunuzi alikuwa ameshasema wazi, atachukua kwa mtu mwingine na hatarudi tena. Mafundi walikuwa wameshona usiku na mchana mwezi mzima kwa ajili ya mzigo ule. Mama Zuhura akavaa buibui jipya akasema atakwenda nami akabidhi kwa mkono wake.

Barabara ya chini ilikuwa imefungana hata pikipiki hazipenyi. Saa nne kasorobo bado tulikuwa tunaangalia mgongo wa lori moja la saruji. Mama Zuhura akasema, "Karis, panda juu, nitalipa mimi." Nikapanda.

Langoni kizuizi hakikuinuka. Kioo kikaonyesha namba ya gari letu kwa maandishi mekundu, na yule wa kwenye kibanda akatuambia kwa upole kwamba kuna deni la nyuma na tusogee kando. Sasa mtu mwenye akili angesogea kando. Mimi nilimwona Mama Zuhura ananitazama kwa ile imani ya dua ndefu, nikaona nikisogea nitakuwa nimekubali, nikashuka. Nikamwambia yule bwana nawajua, mmefika mpaka hapa sasa. Nyuma honi zikaanza. Nikapanda juu ya katoni (ndiyo, juu ya ndala za Lusaka) nikawageukia wenye magari nikawaeleza kuhusu jina la kampuni lisilojulikana, kuhusu siku saba, kuhusu wezi wanaorudisha pesa wakitishwa, nikawaambia wasilipe hata mmoja. Wachache walishusha vioo kunisikiliza. Wengi walishusha vioo kunitukana. Nikadai niitiwe mkubwa wao.

Akaja mwanamke wa makamo, miwani, tableti mkononi, anatembea bila haraka. Akasimama chini yangu akasema:

"Habari ya asubuhi, msimamizi."

Sauti niliijua kabla sijamaliza kumwangalia.

"Uliniuliza chumba namba ngapi," akasema. "Ni kibanda namba nne. Sabuni tunayo."

Nilishuka. Miguu ilishuka yenyewe. Akamgeukia Mama Zuhura dirishani, akamsalimia vizuri, akamwonyesha picha kwenye tableti: pikapu yetu ikipita langoni siku ile kizuizi kilipoharibika, namba inasomeka, na mkono wangu uko nje ya dirisha unapunga kama mwanasiasa. Akaeleza kwamba siku hiyo waliruhusu magari yapite ili yasizibe, kisha wakatuma madai kwa wenye magari, na kwamba lile jina refu ni la kampuni inayowakusanyia malipo, limeandikwa kwenye kila kibanda. Nikaangalia kibanda. Limeandikwa, tena kwa rangi ya bluu.

"Na wewe Mama," akaendelea, "ulilipa mapema kabisa. Kisha ukaomba pesa irudishwe."

"Mimi sikuomba," Mama Zuhura akasema. "Walimwogopa Karis, wakarudisha wenyewe."

Alisema hivyo kwa kujivunia. Jamani, aliyasema kwa kujivunia, na yule mwanamke akanitazama mimi, na Mama Zuhura akafuata yale macho mpaka akanifikia, na mimi nikaanza kuangalia tairi ya mbele.

"Karis. Nani alirudisha?"

Nikamwambia. Siku ya katoni, nilipoomba simu. Hakupaza sauti. Alivaa miwani, akauliza jumla ni ngapi na ada yake, akalipa, na kabla ya kuweka namba ya siri akaniuliza kama jina ni lilelile. Nikasema ni lilelile. Akabonyeza.

Mngedhani yameisha. Lakini kwa kuwa malipo ya kwanza yalikuwa na mgogoro, gari lilikuwa limewekewa alama, na kuondoa hiyo alama kulihitaji ofisi nyingine, nusu saa ikiwa tuna bahati. Wakatusogeza kando. Saa yangu ilisema saa nne na dakika ishirini. Mama Zuhura akaziangalia zile katoni, mbili zimebonyea umbo la viatu vyangu, akaanza kuzinyoosha kwa viganja.

Pale kando kulikuwa na gari la mkate, tupu, na dereva wake, bwana mmoja mfupi aliyejitambulisha kama Musyoka, alikuwa anakunja risiti. Yeye pia alipita ile siku ya kizuizi. Ujumbe wake ulichelewa kumfikia, ukamfika jana, leo amepita kulipa, basi, anaendelea na kazi zake Embakasi, upande uleule wa uwanja wa ndege. (Mtu huyo hakujiuliza hata swali moja. Nilimwonea wivu nusura nilie.) Mama Zuhura akamwendea, wakaongea maneno machache, na mara nikaona wanafungua milango ya nyuma ya lile gari.

Na mimi, baada ya yote hayo, nikamvuta Mama Zuhura kando nikamnong'oneza kwamba hamjui yule mtu, hajui anakaa wapi, anaweza kutokomea na mzigo wote.

Akanitazama.

"Kweli, simjui," akasema. "Wewe nakujua. Beba katoni."

Nikabeba. Zote kumi na sita, mmoja mmoja wa wale niliokuwa nimewahutubia akipita polepole pembeni na kunipungia mkono. Mama Zuhura akapanda mbele na Musyoka, wakaondoka, nami nikabaki nikilinda pikapu isiyo na kitu, nimekaa kwenye ukingo wa saruji ulio mkabala na kibanda namba nne. Yule mwanamke aliniletea maji ya chupa.

Mzigo ulifika dakika chache kabla ya saa tano. Nilijua jioni, kutoka kwa mafundi, kwa sababu Mama Zuhura mwenyewe alipokea ufunguo, akanishukuru kwa kulirudisha gari salama, akanilipa siku zangu mpaka ya mwisho na kusema tutaonana. Alikata ile ada? Hakukata hata senti. Nilimpelekea mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, na kila nilipokwenda nilimkuta Musyoka anapakia viatu. Mwaka huu naambiwa mnunuzi wa Lusaka ameongeza oda, na Musyoka ameacha mkate.

Mimi nimerudi Baba Dogo, kwenye madirisha. Bado nashuku mambo, sitawadanganya kwamba nimepona, lakini nimegundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nashuku nikiwa nimekaa, kumbe kibanda kipo, watu wapo, unakwenda kwa miguu unauliza na unajibiwa kabla siku saba hazijaisha. Nikidaiwa sasa nakwenda kuuliza, nalipa, nanyamaza. Na mtu akinipa simu yake nimwangalizie kama ni matapeli, naweka mikono mfukoni mpaka aondoke.