Jina la Nyanya Lilivyokataa Kumetameta

Ijumaa iliyopita, jua likielekea kuzama, Mama alitutumia "Sabato Njema" kwenye kikundi cha familia, kila herufi ikimetameta. Alibonyeza mara moja tu! Mimi maandishi kama hayo yalinilia mchana mzima nikiwa mtoto, katika saiba moja, duka la kompyuta mjini Nyamira, tulipokwenda kuchapisha programu ya mazishi ya Nyanya.

Saiba ilinuka wino wa moto na masweta yaliyonyeshewa. Mama alipokuwa akipanga nyimbo na mwenye saiba, niliachiwa kompyuta ya pembeni. Niliandika "Bosibori", jina la Nyanya, kwenye picha tatu, kila moja nikainyunyizia vidoa vya dhahabu mahali tofauti, kisha nikazifuatanisha zipite haraka kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Jina likametameta. Mama akakubali liwekwe juu kabisa.

Printa ikakohoa, ikatoa karatasi. Vidoa vilikuwa vimeganda, utadhani nzi wamelinyea jina. Niliitikisa karatasi. Nikaipeleka dirishani, nikaitikisa tena.

"Printa yako ni mbovu!" nikamwambia mwenye saiba.

"Karatasi haina stima, wewe mtoto."

"Basi iwekee!"

Leo najua printa huchukua picha moja tu kati ya zile tatu. Siku hiyo niliamini watu wazima wamekataa makusudi, nikazidi kuitikisa huku nalia.

Mama alininyang'anya karatasi, akailaza mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Moraa, wacha kumtikisa. Mama yangu amechuma chai tangu nizaliwe. Mwache atulie."