Njia Nne Ndani ya Kioo

Nimesaga lenzi za miwani Kariakoo zaidi ya miaka ishirini, na kioo nilidhani nakijua. Kisha mpwa wangu, binti wa dada yangu anayesomea fizikia Ulaya, akaja likizo, akapita dukani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mbona huna raha?”

Akafungua kiboksi. Ndani mlikuwa na kipande cha kioo, kirefu kama kidole, chembamba kama kadi mbili za benki. Ukingo wake mmoja ulikuwa umemeguka safarini.

“Ning’arishie hapa. Kesho nakwenda kuwaonyesha wanafunzi wa shule niliyosoma.”

Nikakiinua kwenye taa. Kiangavu, kitupu.

“Mbona hakina kitu?”

“Kina njia ndani, mjomba. Tumezichora kwa leza katikati ya kioo, uso wake haukuguswa. Mwanga ukiingia unazifuata.”

Nilimwitikia tu, kama mtu anavyomwitikia mtoto wa dada yake. Mashine ya kukatia lenzi sikuthubutu kuitumia. Nilikisugua kwa mkono, kwa maji na unga wa kung’arishia, mchana kutwa. Wateja wawili niliwaomba warudi keshoye.

Ukingo ulipokuwa laini, alitoa kalamu ya mwanga mwekundu, ile ya mafundi wa intaneti ya kukagulia nyaya, aliyoinunua mtaa wa pili. Akasogeza ncha ya uzi wa kioo uliounganishwa nayo kwenye ukingo. Hakuna kitu. Akasogeza tena, pumzi ameibana.

Ukawaka mstari mwekundu, mwembamba kuliko unywele. Ukaenda, ukawa miwili, kisha minne. Kwenye karatasi niliyoishika upande wa pili vikatokea vitone vinne.

Nikavihesabu kwa ncha ya kidole.

“Maabarani tunapitisha chembe moja tu ya mwanga,” akaniambia. “Moja, isiyokatika vipande.”

“Inapita njia ipi?”

“Tusipoichungulia, zote.”

“Moja, njia zote?”

“Zote, mjomba. Kompyuta tunazojaribu kuunda zinategemea hilo. Kwa nini iko hivyo, hata mwalimu wangu anasema hajui.”

Nje wachuuzi walikuwa wanaita bei, mkokoteni ukiomba njia. Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

“Washa tena,” nikamwambia.

Akawasha. Nikamwita na muuza vitambaa wa jirani aje aone.