Nilimnyima Mke Mwenzangu Likizo Yake

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Karani wa ghala hakukosa, na mume wetu mpaka leo hajui. Nimelibeba tangu msimu uliopita wa tumbaku na sasa limenishinda.

Tulikuwa wake wawili wa mume mmoja, hapa Migori. Mwenzangu nitamwita Akinyi, ingawa si jina lake. Sote tulikuwa vibarua wa nusu siku katika ghala la tumbaku, tukichambua majani na kuyapanga kwa gredi. Mimi asubuhi, yeye mchana. Tulipishana njiani, tukaambiana nani kati ya watoto amekula na nani bado.

Akinyi alipojifungua msichana, mume wetu alitoka kazini kwake machimboni Macalder akakaa naye juma zima. Majirani wakamletea uji wa wimbi.

Mimi nilipozaa kitinda mimba wangu, nilirudi ghalani siku ya sita, damu bado inatoka. Wakati huo tuliambiwa watu wa nusu siku hawana likizo, kwamba ile nusu ya nyumbani ndiyo likizo yetu. Hakuna aliyeniletea uji. Nilidhani uchungu huo ulikwisha. Haukwisha.

Alhamisi moja karani aliniita. Alisema afisa wa leba, yule wa serikali anayekagua haki za wafanyakazi, amepita, na kuanzia sasa hata wanawake wa nusu siku wakizaa wana miezi miwili, na nafasi zao zinawangoja.

"Mwambie mwenzako akae alee mtoto," akasema.

Nilimkuta Akinyi mlangoni kwake ananyonyesha, miguu ameinyoosha mkekani. Akaniuliza, "Mikayi, huko wanasemaje?" Mikayi ndivyo anavyoitwa mke wa kwanza kwetu. Hakuwahi kuniita vingine.

Nikamjibu, "Wanasema urudi Jumatatu, la sivyo nafasi wanampa mwingine."

Sikuwa nimepanga. Lakini nilikuwa na siku tatu nzima za kuyarudisha maneno hayo, na sikuyarudisha.

Jumatatu akaenda. Karani alishinda ghalani kwetu asubuhi tu, mchana akienda ghala la pili. Nyapara aliyebaki kazi yake ilikuwa kuhesabu vichwa. Hapakuwa na mtu wa kumwambia Akinyi rudi nyumbani, isipokuwa mimi.

Siku ya tatu tulipopishana njiani niliona midomo yake imekauka. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa moto.

"Mikayi, usimwambie karani kwamba naumwa. Atanifukuza."

Nikasema sitamwambia. Jamani, hilo ndilo nililomjibu!

Ijumaa alianguka juu ya marobota ya tumbaku. Tulimpeleka hospitali, wakampeleka Homa Bay. Walisema ni ugonjwa wa uzazi, umeshaingia kwenye damu. Tulimtuma mtu Macalder amwite mume wetu. Alipofika, Akinyi alikuwa amekufa tangu jana yake.

Karani alikuja matangani. Akanivuta pembeni na kuniuliza, "Kwani hukumwambia?"

Nikasema nilimwambia, ila yeye alikataa kukaa.

Hata marehemu nilimsingizia. Karani akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mpango mpya una siku za maombolezo pia, hata kwa sisi wa nusu siku. Akanipa juma moja. Nikalichukua. Nililala siku saba katika nyumba yangu, nikiletewa uji na majirani wale wale.

Mama yake Akinyi alitoka Asumbi. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumpokea mjukuu wake. Sikuweza kumtazama usoni. Mtoto ninaye mgongoni ninapoandika haya, na ameanza kuniita mama.

Wewe uliyerudi kazini na damu yako, usitake mwenzako arudi vivyo hivyo ili mlingane. Ukipewa neno la mapumziko yake, lifikishe siku hiyo hiyo, kabla hujakaa chini. La Akinyi bado ninalo mdomoni, na wa kuambiwa hayupo.