Gunia la Kwenye Karatasi

Nafundisha hisabati darasa la saba hapa Uyole, Mbeya. Kwetu ni Kihesa, Iringa, na viazi vya Mbeya nilivijua kwa kubishania bei kabla sijavijua kwa kuvila. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili aliposema kila somo litoe dakika kumi za kusoma, nilimjibu kisoko.

"Madam, kusoma ni mzigo wako. Natoa tatu."

"Kaka, hapa si sokoni. Kumi."

Tukamalizana kwa tano. Nikaondoka nikijiona mjanja.

Darasani nilikuwa na binti mmoja wa Kisafwa ambaye ubaoni alikokotoa haraka kuliko mimi. Kwenye maswali ya maelezo alikuwa anaanguka, na mtihani wa mwisho ulibakiza miezi miwili. Asipofaulu, sekondari ndiyo basi. Nyumbani walishamwambia jembe lake lipo.

Jaribio likauliza: mkulima ana magunia manane ya viazi, kila gunia lina debe sita, ana debe ngapi? Akaandika hamsini na sita. Nikahesabu mara mbili, nikamwita.

"Nane mara sita ni hamsini na sita?"

"Nane mara saba, mwalimu. Gunia si lina lumbesa?"

Kwa Uyole alikuwa sahihi. Gunia lisilo na kile kilemba cha juu, debe zima la nyongeza, hata mimi ningelikataa. Lakini sita iliandikwa palepale. Aliona "gunia", akaona "debe", mengine akajazia mwenyewe.

Nikazitoa zile dakika tano. Kalamu chini; swali linasomwa kwa sauti, kisha unamsimulia jirani yako bila kutazama karatasi, kwa lugha yoyote. Yeye alianza na Kisafwa, ndipo akarudia kwa Kiswahili. Mwanzoni dakika zote ziliishia kwenye swali moja.

Wiki ya tatu nikamrudishia magunia yake. Alisimulia, akanitazama kama mteja aliyepunjwa.

"Hili la kwenye karatasi halina lumbesa. Huyu mkulima hajawahi kufika Uyole."

"Kwa hiyo?"

"Arobaini na nane. Ila mnunuzi wake atalalamika."

Jaribio lililofuata lilikuwa na maswali kumi ya maelezo. Alipata sita. Manne hakuyafikia, alikuwa anasoma taratibu mno. Nikahesabu tena, yakabaki sita.

Nikamfuata Madam ofisini.

"Zile dakika tano nyingine bado zipo?"

"Bei imepanda, kaka. Sasa ni kumi na tano."

Mtihani ulibakiza wiki tano. Nikakubali bila kubisha.