Udongo Uliochuja Maji

Juzi, kwenye kaunta ya forodha hapa Busia, mama mmoja alifunua kikapu cha udongo, ule wanaotafuna wajawazito. Mjamzito nyuma yake akaomba kipande, akatafuna.

"Umetoa wapi?" akauliza afisa, kijana wa serikali yetu mpya.

"Nyuma ya kiwanda cha betri, Tororo. Wao natupa bure. Ni safi, wao nachujia maji."

Mwanamume mwenye ovaroli akanusa kipande. "Mama, mimi nafanya kazi pale. Maji natoka safi kwa sababu sumu ya risasi, ile madini ya betri, yote nabaki ndani ya hii udongo."

Mjamzito akafungua kiganja. Kilikuwa kitupu.

Nilidhani uchafu ukitolewa majini umekwisha. Kumbe umehama tu, na afisa ameshaugongea muhuri: hauna ushuru.