Wageni wa Mzee Besi

Kanisani walimwita Mzee Besi, na watoto wa shule ya Jumapili hawakujua kama ana jina jingine. Alikuwa seremala, mwembamba, mabega yameanza kuinama, lakini akifungua kinywa kuimba, sauti ilitoka chini kabisa, utadhani kuna mtu mwingine mnene amejificha ndani ya koti lake. Mkewe, ambaye naye aliimba kwaya, alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Tangu mazishi, mtoto wao wa pekee, fundi umeme aliyehamia mji wa mbali, hakuwa amekanyaga nyumbani. Kila Krismasi alisema, "Mwaka huu tunakuja, Baba." Kila Krismasi kikazuka kitu: kazi, homa ya mtoto, gari bovu.

Safari hii alitaja mpaka basi watakalopanda. Mzee akaamini mzimamzima. Akawachongea wajukuu wawili kitanda cha ghorofa, akapaka ukuta wa chumba chao rangi ya maziwa, kisha akaitangaza habari mazoezini.

"Babu kapata wajukuu!" wakamtania. "Angalieni, sauti imepanda, wiki ijayo anahamia soprano!"

Akacheka nao. Kwaya ilipopanga kuzungukia nyumba za waumini mchana wa sikukuu, akaomba ruhusa: "Mniwie radhi, siku hiyo nina watu." Na wale waliozoea kumwalika mezani kwao mwaka huo hawakumwalika. Mtu ambaye nyumba yake imejaa utamwalika wapi?

Asubuhi ya mkesha simu ikalia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshapanda basi?"

"Baba, haitawezekana. Mama mkwe kaugua ghafla."

"Mpe pole," mzee akasema. Akaweka simu mfukoni, akaendelea kufagia uwanja, palepale alipokuwa, mpaka udongo ukaanza kuchimbika.

Siku ya sikukuu kanisa lilifurika. Kila benchi lilikuwa na ukoo wake, mashangazi na binamu wamebanana. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya, mama mmoja mwenye macho makali na moyo laini, akamkamata mlangoni.

"Wageni wamefika?"

Ulimi ukamtangulia. "Wamefika. Wamechoka na safari, nimewaacha wamelala."

"Afadhali! Wasalimie sana."

Wengine nao wakauliza, na kila alipojibu aliongeza kidogo. Mkubwa amerefuka. Mdogo amefanana na bibi yake, pua ileile. Wakamshika mkono, wakampongeza, wakaondoka na watu wao.

Nyumbani meza ilikuwa imeandaliwa tangu jana yake, kabla simu haijalia, sahani tano, na hakuwa na moyo wa kuziondoa. Akala paja la kuku jikoni, amesimama, kwa sababu kukaa na viti vinne vitupu kulimshinda.

Mchana akasikia nyimbo zinakuja barabarani. Kwaya! Wameamua kumfanyia mshangao.

"Hodi! Tumekuja kuwaona wageni!"

Alifikiria kujificha kwenye stoo, katikati ya mbao zake. Akafungua mlango.

"Wametoka kidogo," akasema.

Macho ya mwalimu wa kwaya yakapita kwenye sahani safi, yakaingia kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi, yakatua kwenye magodoro ambayo hayajavuliwa nailoni. Akamtazama mzee. Kisha akawageukia wenzake. "Basi tumwimbie mwenyewe, tuwahi nyumba nyingine."

Wakaimba. Mzee akajaribu kuwaunga mkono. Ubeti wa pili akaacha, akasimama kuwashikia mlango. Walipotoka, mwalimu alibaki nyuma.

"Mzee wangu, njoo ule na sisi."

"Hapana, binti yangu. Nikija leo watajua wote."

"Mimi sitamwambia mtu."

"Najua," akasema, na akafunga mlango taratibu.

Nyumba ikawa kimya kuliko kabla hawajaja. Akampigia mwanawe.

"Niambie ukweli. Mama mkwe wako anaumwa?"

"Hapana, Baba."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ni hiyo nyumba. Nikiifikiria namwona Mama anatoka jikoni, anafuta mikono. Mwaka juzi nilifika mpaka stendi ya hapo. Nikakaa kwenye benchi, nikapanda basi la kurudi."

"Mimi namwona kila siku."

"Unawezaje?"

"Siwezi. Nakaa tu."

Upande wa pili watoto walikuwa wanapiga kelele. Mzee akawasikiliza kwa hamu. "Wananiulizia?"

"Mkubwa anauliza. Mdogo hakujui, Baba." Mwana akavuta pumzi. "Njoo wewe."

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Mwanzoni mwa Januari akapanda basi. Mwanawe akampokea, wakakumbatiana kwa woga, kama watu waliobeba vyombo vya kioo. Mkubwa akamrukia. Mdogo akajificha nyuma ya gauni la mama yake, akachungulia, akajificha tena. Mzee hakumlazimisha. Alikaa kwenye kochi siku tatu nzima, na hadi anaaga, mtoto alikuwa amesogea mpaka mwisho wa kochi, akakaa hapo, miguu inaning'inia.